Kiharusi Ambacho Hakikuja



Wapenzi wasomaji, kila mwaka tunapowauliza wanafunzi wetu wanataka kuwa nani ukubwani, mikono mingi huinuka kwa udaktari. Tukiuliza daktari wa namna gani, jibu huwa karibu moja: wa upasuaji. Hatuwalaumu. Mgonjwa akiingia kwa machela akatoka kwa miguu yake, ukoo mzima unamjua aliyemhudumia na kumwombea dua. Mwaka huu tungependa kuwatajia daktari wa aina nyingine, ambaye kazi yake ikifanikiwa hakuna anayeiona. Tunayo sababu yetu, na tutaisema mbele.

Jina lake ni Salim Yusuf, daktari bingwa wa moyo. Alizaliwa mwaka 1952 katika mji wa Kottarakkara, jimbo la Kerala, kusini mwa India, akasomea udaktari katika chuo cha St. John's mjini Bangalore. Kisha akapata ufadhili wa Rhodes wa kwenda Oxford, Uingereza, na huko ndiko alikokutana na swali lililomshika maisha yake yote: tunajuaje kwamba dawa hii ndiyo iliyomponya mtu huyu?

Swali linaonekana jepesi. Lakini wapo wanaopona bila dawa, na wapo wanaokufa wakiwa nayo mkononi. Na daktari akiachiwa achague nani apewe dawa mpya, huenda akampa yule mwenye nguvu zaidi, halafu akaisifu dawa kwa nguvu za mgonjwa. Salim Yusuf, pamoja na wenzake wa Oxford akina Peter Sleight, Richard Peto na Rory Collins, walishikilia kwamba wagonjwa wagawanywe kwa kura, wala si mia mbili au mia tatu, bali maelfu kwa maelfu. Utafiti wao mmoja wa zama hizo ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 16,000. Mwanafunzi wetu aliyeonja elimu ya hadithi hatashangazwa na jambo hili. Habari haipokelewi kwa kuwa inapendeza. Huulizwa kwanza imetoka kwa nani na imefikaje.

Mwaka 1984 alihamia Marekani, na mwaka 1992 akaenda Chuo Kikuu cha McMaster mjini Hamilton, Kanada. Huko alianzisha taasisi ya utafiti wa afya ya jamii ambayo kazi zake zimefika katika nchi nyingi duniani. Heshima na tuzo alizopewa tunaziruka, maana ni nyingi na hazitufundishi sana.

Kinachofundisha ni kazi yenyewe. Mwaka 2000 yalitangazwa matokeo ya utafiti wake ulioitwa HOPE, uliohusisha watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo. Waliopewa dawa ya ramipril walipata kiharusi kwa uchache, pungufu ya asilimia 32, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Katika utafiti huohuo ilipimwa pia vitamini E, ambayo siku hizo ilisifiwa sana kuwa hulinda moyo. Haikuleta faida yoyote, na hilo nalo likaandikwa vilevile, bila kupunguza. Sisi tunaona hapo ndipo penye uanachuoni: mtu kutumia miaka yake kupima jambo, kisha akawaambia watu kwamba halikufaa.

Baadaye, yeye na Martin O'Donnell walifanya utafiti wa kutafuta chanzo cha kiharusi chenyewe. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2010, katika nchi 22, zikiwemo Uganda, Sudan, Nigeria na Msumbiji. Ilipofika mwaka 2016 walikuwa wamelinganisha wagonjwa zaidi ya 13,000 na idadi kama hiyo ya watu wasiougua. Wakakuta mambo kumi yanaeleza karibu sehemu tisa kwa kumi za hatari yote: presha, kutofanya kazi za mwili, chakula kibaya, kitambi, mafuta katika damu, sigara, pombe, kisukari, mfadhaiko na maradhi ya moyo. La kwanza kwa ukubwa ni presha. Majini hawamo.

Tunasema hivyo si kwa mzaha, na hapa ndipo ilipo sababu yetu. Maalim mmoja aliyetusomesha wengi wetu aliambiwa hospitali kwamba ana presha, akapewa vidonge. Baada ya miezi kadhaa akajisikia mzima, akaviacha. Tulimwona akiviacha. Tulimsifu hata, kwamba Mwalimu hategemei madawa ya kizungu. Alfajiri moja akashindwa kuinuka, mdomo umekwenda upande. Ikasemwa amepigwa na upepo mbaya, na siku zikapita kwa kombe na buhuri kabla hajapelekwa hospitali. Dua hatuiachi, wala hatumlaumu aliyemsomea. Lakini anayesoma dua na gari la kwenda hospitali vingeweza kufika nyumbani kwake asubuhi ileile. Yu hai, alhamdulillah. Mkono wake wa kulia hauwezi kushika kalamu, na yale maandishi yake mazuri ya Kiarabu yaliyopamba ubao wetu hayatarudi.

Hakuwa peke yake. Taasisi ya Salim Yusuf ilipopima watu wa nchi 17, matokeo yaliyotoka mwaka 2013 yalionyesha kwamba wenye presha wanaojijua walikuwa chini ya nusu, na kati ya wanaotumia dawa ni kama theluthi moja tu ambao presha yao ilikuwa imetulia. Presha haiumi. Mtu huacha dawa kwa kuwa dawa inafanya kazi.

Si kila neno la daktari huyu limepokewa. Utafiti wa taasisi yake kuhusu chumvi, uliotoka mwaka 2014, ulibishwa vikali na wataalamu wengine, na ubishi haujesha. Hilo ni sawa, ndivyo elimu inavyokwenda. Lakini lipo jingine ambalo wazazi tungependa mlisikie zaidi. Mtoto akiugua koo mara kwa mara asitibiwe, ugonjwa unaweza kufika kwenye moyo na kuharibu vali zake. Moyo wa namna hiyo huja kupiga bila mpangilio, damu ikatuama na kuganda ndani yake, na bonge likipanda ubongoni ni kiharusi, hata kwa kijana. Mwaka 2022 taasisi hiyo ilitangaza kwamba kwa wagonjwa hawa dawa ya zamani na ya bei nafuu, warfarini na jamaa zake, iliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya bei kubwa. Wengi walitarajia kinyume.

Tanzania nayo ilikuwamo katika nchi tisa zilizojaribu kidonge kimoja chenye dawa nne za presha na mafuta ya damu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na kidonge hicho kikiwa pamoja na aspirini kilipunguza maradhi ya moyo na kiharusi kwa asilimia kama 31. Tahadhari: aspirini inaweza kumvujisha mtu damu, hivyo asiinunue mtu dukani kwa kusoma gazeti letu. Amwone daktari.

Maalim siku hizi anafundisha kwa mdomo, na mjukuu wake humfungulia kidonge kila baada ya Isha. Kipimo cha presha tumeshakinunua kwa michango yenu. Kiko ofisini kila Jumamosi baada ya Alasiri, bila malipo. Mzazi aliyekuja kumchukua mtoto akae kwanza dakika tano bila kuzungumza, mkono juu ya meza, ndipo apimwe.