Madina Okot si wenu

Tangu Madina Okot aende South Carolina, mmenitumia picha zake mpaka simu imejaa. "Binti yetu!" "Pwani juu!" Haya. Nani kati yenu alimuona akiwa Tiwi?

Dada ni mzaliwa wa Mumias, lakini shule alisoma Kaya Tiwi, hapo Kwale. Ukivuka feri Likoni, matatu moja ya Ukunda umefika. Na Tiwi tulikuwa twaenda, sikatai. Twaenda bichi. Msichana wa futi 6 na inchi 6 anacheza basketi hapo karibu, hata jina hatumjui. Akaenda Zetech, kisha Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Marekani ikamtambua, ghafla sote tukawa na undugu naye.

Hiyo ndiyo tabia yetu. Nikiwa fomu tu, sisi wasichana tulikuwa na korti moja tukicheza hapa kisiwani. Twafika saa kumi, jua kali. Saa kumi na moja kukipoa, wavulana hao na mpira wao: "Masista, tupisheni kidogo." Kidogo yenyewe ilikuwa mpaka magharibi, na magharibi lazima uwe nyumbani. Piga hesabu tulicheza dakika ngapi.

Najua wazee wa barazani huku Mji wa Kale watasema shida ni stara. Wapi! FIBA wenyewe waliruhusu hijabu uwanjani tangu Oktoba 2017. Dunia nzima ilibadilisha sheria. Korti yetu bado.

Wengine mtasema basketi ya wasichana haina watazamaji. Wewe ushawahi kwenda Makande? KPA ya wanawake wamekuwa mabingwa wa Kenya na wamecheza mashindano ya klabu za Afrika. Kutoka Mji wa Kale ni tuktuk tu. Lakini Arsenal ikicheza usiku wa manane, macho unayo.

Siwaambii wavulana wahame. Naomba siku mbili. Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja mpaka magharibi, korti iwe ya wasichana, na hakuna wa kusema "pisheni."

Ikiwa hata hizo mbili zakushinda, bro, toa picha ya Madina kwa status yako.