Laptopu ya GB 4 Bado Haijafa

Wasee wa Gakoromone, kabla uchukue mkopo wa simu ununue laptopu mpya, skiza. Kweli, Microsoft ilikoma kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba hazikubali Windows 11. Lakini Linux Mint ni bure, na inakuja na sura tofauti za skrini. Chagua Xfce.

GNOME inapendeza, sawa, lakini urembo unakula RAM, na yako ni GB 4 tu. Xfce ipo tangu 1996 na haina haraka: 4.18 ilitoka Desemba 2022, 4.20 Desemba 2024. Hautaamka upate menyu imehama siku ya kupeana kazi ya chuo.

Ijaribu kwanza kwa flashi, bila kufuta kitu. Doo ibaki mfukoni.