Bima ya Afya kwa Wote: Hoja Zisizosimama

Tangu Bunge la Tanzania lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, kila kijiwe kimekuwa na mtaalamu wake. Baadhi ya hoja zinatoka kwa watu walioumizwa na huduma mbovu, na hao wana haki ya kusikilizwa. Nyingine zinatoka kwa wenye mamlaka, ambao walipaswa kulijua jambo hili vizuri zaidi. Nazichukua moja moja.

“Mimi mzima, kwa nini nilipe?” Hoja hii tumekwisha kuijaribu hapa nyumbani. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ilikuwa Sh 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiari ya mzazi. Aliyekuwa na mtoto mzima aliona hela hiyo ina kazi nyingine. Aliyekuwa na mtoto mwenye selimundu, saratani au tundu kwenye moyo aliikimbilia kadi, na nani wa kumlaumu? Mzazi yeyote angefanya hivyo. Basi mfuko ukajaa wagonjwa, malipo ya hospitali yakapita michango kwa mbali, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Watoto wakaelekezwa wasajiliwe kwa makundi kupitia shule. Aliyeumia ni mtoto ambaye hajafika umri wa shule, na yule ambaye ugonjwa umemweka nyumbani asisome.

Mfuko ulilaumiwa sana wakati ule, lakini shida ilianzia kwenye hiari yenyewe. Bima inayoingiwa na wagonjwa peke yao haiwezi kudumu, hata isimamiwe na malaika. Watumishi wa umma wanakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 3, wazima kwa wagonjwa, tangu mwaka 2001. Ndiyo maana kadi yao ipo hadi leo. Mzima analipia mwaka ambao yeye, mkewe au mama yake ataugua, na kwa kuwa hakuna aujuaye mwaka huo, hana budi kuwamo wakati wote.

“Zamani tulitibiwa bure, turudi huko.” Ninaiheshimu kumbukumbu hii. Baada ya Azimio la Arusha nchi ilijenga zahanati mahali ambapo hapakuwa na hata mkunga mwenye mafunzo, na mwaka 1977 tiba binafsi ya kibiashara ikapigwa marufuku. Lakini bure ile ilikuwa na mlipaji: kodi na misaada. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980, majengo yalibaki na dawa zikaadimika. Tiba binafsi ikaruhusiwa tena mwaka 1991, na mwaka 1993 uchangiaji ukaanza katika hospitali za umma. Cha kurudisha kutoka enzi zile ni msimamo kwamba mtu hafukuzwi mlangoni kwa umaskini wake. Msimamo huo nao unataka fedha inayojulikana inatoka wapi.

“Wasiojiweza wana msamaha.” Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu wasiopanga foleni hizo. Ni kweli, Sera ya Afya ya 2007 inawasamehe wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye magonjwa kama kifua kikuu. Sasa mfuate mama mwenye mtoto wa miaka mitatu. Kumwona daktari halipi. Anafika dirisha la dawa, anaambiwa: “Hii hatuna, kanunue nje.” Anavuka barabara na karatasi mkononi hadi duka la dawa, anatajiwa bei, anauliza kama anaweza kuuziwa nusu dozi. Kwenye vitabu vya hospitali, mama huyu ametibiwa bure.

Kwa mzee ni shida zaidi. Atakiwe barua ya mtendaji, apelekwe kwa ofisa ustawi wa jamii, na akifika siku ya mapumziko arudi kesho yake. Hospitali nayo ikimsamehe hairudishiwi gharama. Kila msamaha unatoboa bajeti yake, na daktari mkuu mwenye huruma anajikuta akiomba misamaha ipunguzwe. Dawa ya hili inajulikana. Rwanda, mwaka 2011, iligawa michango ya mutuelle, bima yake ya afya ya jamii, kwa kufuata hali ya kaya: Faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa mtu. Ya kundi la chini kabisa ililipwa na serikali na wafadhili, kwa hiyo maskini alifika dirishani na kadi kama ya jirani yake. Sisi tayari tuna orodha ya kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Ina kasoro, kuna waliostahili wasioandikwa, lakini ni mahali pa kuanzia.

“Wananchi wakichangia kidogo kidogo, mfuko utajiendesha.” Wilaya ya Igunga ilianza na Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ililipa Sh 30,000 kwa mwaka katika mikoa mingi. Gawanya: Sh 5,000 kwa kichwa, mwaka mzima, kuanzia malaria hadi upasuaji wa uzazi. Hakuna usimamizi bora unaoweza kuinyoosha hela hiyo. Ukipandisha bei, wanaobaki nje ni walewale wakulima na wachuuzi uliokusudia kuwaingiza. Kenya, tangu Oktoba 2024, inamkata mwajiriwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya, na hilo ni rahisi kwa kuwa lipo kwenye mshahara. Kumfikia fundi na mama mboga ndiyo kazi. Ghana ililiona hili mapema: sheria yake ya 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 inayokusanywa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na ndiyo inayoubeba mfuko wao kuliko michango ya wanachama.

“Bima ikianza, huduma itajiboresha.” Haitajiboresha. Thailand ilipotangaza tiba ya bati 30 mwaka 2001, ilikuwa imekwisha kujenga hospitali za wilaya na kupeleka madaktari vijijini kwa miaka mingi. Kadi bila mganga na bila dawa haimtibu mtu.

“Serikali haina fedha.” Mwaka 2001, Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijaifikia. Sheria yetu yenyewe imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo, vikiwemo vinywaji baridi vyenye gesi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Wanaobashiri mechi wapo kila siku. Swali ni kama hela hiyo itafika kwenye mfuko au itaishia njiani ikipewa kazi nyingine. Waziri wa fedha na atangaze kila robo mwaka kiasi kilichokusanywa kwa kila chanzo na kilichopelekwa, na taarifa hiyo ibandikwe ukutani katika kila zahanati, pembeni ya dirisha la dawa.