Saratani ya ini: Utabiri wa damu una thamani gani kwa mgonjwa wa Juba?

Watafiti wa Ulaya, Marekani na Asia wanaendelea kutafuta katika damu protini zinazoweza kutabiri hatima ya mgonjwa wa saratani ya ini: nani ataishi muda mrefu, nani ugonjwa utamrudia baada ya upasuaji, na nani atanufaika na dawa ipi. Mjini Juba, ambako wengi hufika hospitalini tumbo limeshajaa maji na macho yamegeuka manjano, suala hilo lina sura nyingine. Utabiri una faida gani pale ambapo tiba inayopaswa kuufuata haipo?

Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na wengine wapatao 758,000 walifariki kutokana nayo. Kukaribiana kwa takwimu hizo kunaonesha jinsi ugonjwa huu usivyosamehe.

Protini inayotabiri

Protini inayojulikana zaidi ni alfafetoprotini. Hutengenezwa na ini la mtoto akiwa tumboni, hupungua sana baada ya kuzaliwa, na huweza kupanda tena saratani inapoanza. Ilihusishwa na saratani ya ini ya binadamu tangu mwaka 1964. Kiwango chake kinapozidi nanogramu 400 kwa mililita moja ya damu, kwa kawaida ni dalili mbaya. Hata hivyo, wagonjwa wengi wana uvimbe bila kiwango hicho kupanda, na ndiyo maana watafiti sasa huichanganya na protini nyingine, pamoja na umri na jinsia ya mgonjwa.

Mafanikio yapo, lakini ni ya kiasi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la dawa ya ramusirumabu kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kigezo hicho cha 400. Waliopewa dawa waliishi kwa wastani miezi 8.5, na wasiopewa miezi 7.3.

Hali ya Afrika ni ngumu zaidi. Utafiti wa nchi tisa, zikiwamo Uganda, Tanzania, Ethiopia na Sudan, uliochapishwa mwaka 2017, ulionesha kwamba nje ya Misri nusu ya wagonjwa walifariki ndani ya takriban miezi miwili na nusu tangu kugunduliwa. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 46 tu. Sudan Kusini haina huduma ya tiba ya mionzi. Mwenye uwezo husafiri hadi Kampala, Nairobi, Cairo au India, na njia ya Khartoum imevurugwa na vita vilivyoanza Aprili 2023.

Protini inayoonya mapema

Ipo protini nyingine ambayo haizungumzwi sana katika mijadala hii: ile ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini aina ya B. Huonekana kwa kipimo cha haraka, kwa tone la damu, katika muda wa dakika chache. Utafiti uliofanywa Taiwan kwa watumishi wa umma wanaume zaidi ya 22,000, uliochapishwa mwaka 1981, ulibaini kwamba wenye protini hiyo walikuwa katika hatari ya kupata saratani ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio nayo.

Tofauti iko kwenye muda. Alfafetoprotini mara nyingi huzungumza wakati uvimbe umeshakuwapo, ilhali protini ya kirusi huonya miaka mingi kabla. Anayejulikana kuwa nayo anaweza kufuatiliwa kwa picha ya ini kila baada ya miezi sita, na anayestahili akapewa tenofovir, dawa ambayo tayari hutumiwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Machi 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipanua vigezo vya wanaostahili tiba hiyo.

Chanjo na ghala la chakula

Sudan Kusini ilianza mwaka 2014 kutoa chanjo ya pamoja inayojumuisha homa ya ini B, kuanzia mtoto anapofikisha wiki sita. WHO hupendekeza dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, jambo gumu katika nchi ambayo akina mama wengi hujifungulia nyumbani.

Kuna pia suala la ukungu kwenye nafaka na karanga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1971, karibu asilimia 30 ya sampuli 480 za vyakula vya Uganda zilikutwa na sumu ya aflatoksini, na uchafuzi ulikuwa mkubwa hasa katika maeneo yenye saratani nyingi ya ini. Kwa aliyeambukizwa kirusi cha B, sumu hiyo huongeza hatari maradufu na zaidi.

Haya hayafanyi utafiti wa alama za utabiri kuwa wa bure. Siku tiba itakapopatikana Juba, madaktari watauhitaji kuamua nani apewe nini. Lakini kwa taifa lenye bajeti finyu, cha kutangulia kiko wazi. WHO inataka wajawazito wapimwe homa ya ini B pamoja na virusi vya UKIMWI na kaswende. Kipimo hicho kimoja cha kliniki kinaweza kumlinda mama na mwanawe, kabla ya yeyote kuhitaji kuulizia miezi iliyobaki.