Bolti ya ekzosi iliyoganda: anayeikata ni mwenye gari, si fundi

Mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu kantangaze, mbolea na bei za sokoni. Leo naomba niongelee pikapu, kwa sababu nyanya ikishatoka shambani, uhai wake unategemea gari.

Msimu uliopita pikapu ninayomiliki pamoja na shemeji yangu ilianza kunguruma kama trekta. Gasketi kati ya injini na manifoldi ya ekzosi ilikuwa imetoboka. Kazi yenyewe si kubwa: unafungua manifoldi, unaweka gasketi mpya, unafunga. Tulifika gereji saa nne asubuhi huku matenga ya nyanya yamepangwa shambani yakisubiri. Fundi alizitazama nati akasema, "Kaka, hizi zimeganda. Niachieni nizimwagie dawa, mje kesho asubuhi."

Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia tuna mzigo, afungue sasa hivi. Akachomeka bomba refu kwenye mkono wa spana, akavuta. Nati ya kwanza ilitoka. Ya pili ikalia "ka!", na bolti ikakatikia ndani ya silinda hedi. Ya tatu vivyo hivyo. Gari lililala gereji siku tatu, silinda hedi ikafunguliwa, na nyanya tukauza kwa bei ya kutupa kwa jirani mwenye gari. Shemeji alimlaumu fundi. Mimi sikuweza, maana haraka ilikuwa yangu.

Maoni yangu ni haya: bolti nyingi za ekzosi hazikatwi na mafundi wabaya, zinakatwa na wateja wenye haraka. Tunamlipa fundi kwa kazi iliyokwisha, hatumlipi kwa kusubiri, halafu tunasimama kichwani pake tukiangalia saa. Tukimfanyia hivyo, atatumia nguvu, kwa sababu tumemnyima njia nyingine.

Tuelewe kwanza kwa nini zinaganda. Ekzosi hupata joto la mamia ya nyuzi, kisha hupoa kila unapozima gari. Chuma kinatanuka na kusinyaa kila siku. Ongeza madimbwi ya njia zetu za shambani, tope, na mbolea inayomwagika bodini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujaa kwenye meno ya bolti na kuyabana. Wakati huohuo shina la bolti limeshaliwa na kuwa jembamba. Ukivuta kwa nguvu, kinachoachia si nati, ni shina.

Njia ninayoiamini sasa, baada ya kukaa na mafundi wenye subira, ni hii:

1. Gari lipoe kabisa. Kama unaingia chini yake, usitegemee jeki peke yake. Weka stendi au magogo imara, na zuia matairi.

2. Sugua meno ya bolti yanayoonekana kwa brashi ya waya hadi kutu na tope vitoke. Dawa haipenyi kwenye tope.

3. Mwagia mafuta ya kupenyeza, yale ya kopo yanayouzwa kwa ajili ya kulegeza kutu. Gonga nati kidogo kidogo kwa nyundo ili mafuta yapate njia. Rudia jioni, acha yalale, rudia asubuhi.

4. Tumia soketi ya pembe 6 inayokaa sawasawa. Ile ya pembe 12 huteleza na kula kona za nati, na nati ya mviringo ni balaa lingine.

5. Jaribu kukaza kidogo kwanza, kisha ulegeze. Ikisogea robo, irudishe, ongeza mafuta, endelea mbele na nyuma. Ikianza kuwa kama mpira, yaani inageuka lakini hailegei, simama. Hapo shina linajikunja na liko karibu kukatika.

6. Ikikataa, tumia moto wa gesi. Futa mafuta yote kwanza, weka mchanga karibu, na usikaribishe moto kwenye mipira ya mafuta, mabomba ya breki wala nyaya. Dawa ya kusafishia breki usiiweke kabisa mahali pa moto, kwani baadhi yake hutoa hewa ya sumu. Pasha nati, si bolti, kwa sababu nati ikitanuka ndipo inapoachia. Ikipoa kidogo, gusisha mshumaa kwenye meno, nta itayeyuka na kupenya ndani.

7. Ikishindikana kabisa, pasua nati kwa tindo au ikate kwa grainda, ukilinda macho. Nati ni ya bei ndogo. Bolti iliyokatikia ndani inataka kuchomelewa nati juu yake au kutobolewa katikati kwa drili, na hiyo si kazi ya kujifunzia kwenye gari lako. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, betri ichomolewe.

Wakati wa kurudisha, usifunge bolti zilizoliwa. Weka mpya, tumia nati za shaba zikipatikana, na paka grisi ya shaba inayovumilia joto. Anza zote kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukifanya hivyo, safari ijayo zitafunguka kwa spana ya kawaida.

Wapo watakaosema fundi anayekwambia "njoo kesho" anatafuta hela ya ziada. Inawezekana wapo wa hivyo. Lakini mwombe akuonyeshe bolti. Ukiona kutu imemeza meno, ana haki. Wengine wanasema ekzosi inayovuja iache tu ingurume, gari si linatembea? Hapo siwezi kukubaliana nao. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Ikivujia chini ya gari inaweza kuingia kwenye kabini, na hata nyuma kwenye turubai ambako vijana wa kupakia hulala juu ya mzigo. Mtu akilalamika kichwa kinauma na kizunguzungu ndani ya gari linalovuja, simamisha gari, mtoe nje apate hewa na umwahishe hospitali. Usimwambie ni uchovu wa safari.

Ninachowaomba ni mambo mawili. Kwanza, gari lipelekwe kwa fundi kabla ya msimu, wakati nyanya bado iko kitaluni, siyo siku ya kuvuna. Ukisikia ekzosi imeanza kupumua, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pili, mkipatana bei, mpatane na muda. Mwambie fundi wazi: nakulipa na usiku mmoja wa kulowesha. Fedha hiyo ni ndogo sana ukiilinganisha na kufungua silinda hedi.

Kila msimu nawaambia mkipuliza dawa msubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo ndipo mvune, na nakasirika nikisikia mtu amevuna kesho yake. Siku ile gereji mimi ndiye niliyeshindwa kusubiri usiku mmoja. Nimejifunza kwa gharama, ninyi jifunzeni bure.

Kazi njema na msimu mwema.