Mchafuzi Alipe! Fedha ya Kusafisha Viwanda si Sadaka

Kisiwa chetu cha Chole hakina kiwanda hata kimoja. Hakina dohani la moshi wala mtaro wa kemikali. Kiwanda chetu ni kivuli cha mti, ambapo mafundi huchonga mataruma na kukalafati majahazi. Lakini njooni wakati wa bamvua, maji yakishatoka, wanawake wanaposhuka kuchokoa pweza. Katika mizizi ya mikoko mtakuta chupa, vifuniko, mapande ya ndoo na nyavu za nailoni, na vingine vina maandishi ambayo hapa kisiwani hakuna awezaye kuyasoma. Karamu hatukualikwa, lakini masazo tumeletewa.

Sasa tujiulize: hadi leo ni nani aliyeagizwa kujinyima kwa ajili ya bahari hii? Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Mvuvi aliambiwa aache juya, na mchoma chokaa aliambiwa asivunje matumbawe. Tulikubali, kwa kuwa samaki akikosa mazalio na sisi tutakosa kitoweo. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Mama muuza vitumbua alitii siku ile ile. Je, mwenye kiwanda aliendewa kwa ukali ule ule? Mnyonge akikosea huonyeshwa sheria. Tajiri akikosea huundiwa kamati!

Wapo mabwana wakubwa wasemao kwamba nchi masikini zijenge viwanda kwanza, na uchafu utasafishwa baadaye, tukishatajirika. Mabwana hao wapande basi waende Owino Uhuru, Mombasa. Pale palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Sumu iliingia katika udongo, katika maji, na katika damu ya watoto wa makabwela waliokaa ukutani pa kiwanda. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wananchi wale walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Shauri likakatiwa rufaa, na hukumu ile ikarudishwa na Mahakama ya Juu mwezi wa Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo! Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifungwa alikuwa na miaka kumi. Hiyo ndiyo maana ya “baadaye”. Faida huchukuliwa leo, fidia hungojwa, na risasi iliyokwisha ingia katika mifupa ya mtoto haitolewi kwa hukumu ya jaji.

Wapo na wengine, hao ni wenzetu, wasemao: “Tungoje wafadhili.” Neno hili mfadhili ndilo linalotupumbaza. Mfadhili ni mtu atoaye fadhila. Je, aliyemwaga taka mlangoni mwako akija na ufagio, utampigia magoti? Zamani za ukoloni katani na pamba yetu zilipakiwa melini bei ya chini, nguo zikarudi bei ya juu, na moshi wa viwanda vile ukaenda angani bila ya mtu kulipa hata senti. Wamejenga utajiri wao hivyo. Leo wanatuambia tusipite njia ile, na kweli tusipite. Lakini mtambo safi una gharama zaidi ya mtambo mchafu. Tofauti hiyo ya gharama ni juu yao. Si sadaka, ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Watasema jambo hilo haliwezekani. Limekwisha fanyika! Gesi za majokofu na makopo ya kupulizia zilipoonekana zinatoboa tabaka la ozoni, mataifa yalifanya Mapatano ya Montreal mwaka 1987. Nchi masikini zikasema hatutabeba mzigo huu peke yetu. Mwaka 1990, katika mkutano wa London, ukakubaliwa Mfuko wa Pamoja. Nchi tajiri hutoa fedha kwa kima kilichopangwa, viwanda vya nchi masikini hulipiwa gharama ya kubadili mitambo, na katika kamati inayogawa fedha kuna viti saba vya nchi tajiri na saba vya nchi masikini. Hakuna bwana wala mtwana. Mfuko huo umekwisha idhinisha zaidi ya dola bilioni 4, na kufika mwaka 2010 nchi masikini nazo zilikuwa zimeacha gesi zile mbaya kabisa za CFC.

Linganisheni na plastiki. Mwaka 2022, Nairobi, mataifa yaliazimia kutunga mkataba wa kukomesha uchafu wake. Wakakutana Busan mwaka 2024, wakaachana bila mkataba. Wakakutana tena Geneva mwezi wa Agosti 2025, wakaachana vile vile. Walioshindana walishindania kupunguza utengenezaji, na nani atoe fedha. Na fedha ya tabianchi tunayosifiwa kila mwaka, sehemu yake kubwa imetolewa kuwa mikopo. Yaani mtu amekuchomea nyumba, kisha anakukopesha maji ya kuzimia, kwa riba!

Basi madai yetu ni haya. Kwanza, fedha ya kusafisha viwanda itolewe kuwa ruzuku, isiwe mkopo. Pili, tukae sawa katika baraza la kuigawa, kama katika Mfuko wa Montreal. Tatu, hesabu zake zisomwe hadharani mpaka katika mkutano wa kijiji, maana fedha nyingi za miradi huishia katika semina, posho na magari. Nne, mwenye kiwanda wa hapa nchini asijifiche nyuma ya madai haya. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha sema kwamba mchafuzi alipe. Moshi haujui rangi ya tajiri. Awe mgeni, awe mwenzetu, alipe.

Na sisi wana-Chole tusikae kitako. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba anayetegemea fedha za watu huuza uhuru wake. Kila bamvua tushuke pwani tuokote taka, zetu na za wageni, tuzipime kwenye mizani ya samaki, tuandike daftarini. Tawi la chama lipeleke daftari hilo wilayani Kilindoni, na wilaya ilipeleke juu. Anayedai deni lazima awe na hesabu. Wakituuliza tunadai nini, tutafungua daftari.

Uhuru na Kazi!