Ndege Hupishanaje Juu ya Bahari?

Ukitoka nje usiku hapa Ruangwa, mara nyingine utaona taa ya ndege ikipita juu sana. Tulipokuwa tukipima mashimo ya mikorosho, mkulima mmoja aliniuliza: "Bwana Shamba, kule juu hakuna barabara. Mbona hazigongani?"

Juu ya nchi kavu kuna rada. Tanzania inazo Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Rada humwonyesha mwongoza ndege aliye chini mahali ndege ilipo. Lakini rada haifiki katikati ya bahari. Huko, kwa miaka mingi, rubani alitaja kwa redio mahali alipo, kisha akataja tena baada ya muda. Katikati ya taarifa hizo mbili, mwongozaji alikadiria tu. Kwa hiyo ndege ziliachanishwa kwa dakika 10 au zaidi. Ndege kubwa hukata kilomita 15 hivi kwa dakika moja. Dakika 10 ni kilomita 150!

Sisi wa kilimo tunapenda nafasi. Mkorosho tunaupa meta 12 kila upande. Lakini angani nafasi pana ina gharama yake. Ndege ikianza safari ndefu ni nzito kwa mafuta. Mafuta yakipungua huwa nyepesi, nayo hutaka kupanda zaidi, ambako hewa ni nyepesi na mafuta hutumika kidogo. Ikiwa kimo cha hapo juu kina ndege nyingine ndani ya nafasi inayotakiwa, hairuhusiwi kupita. Hubaki chini ikichoma mafuta.

Dawa iliyopatikana ni kioo kama cha televisheni, mbele ya rubani. Ndege nyingi siku hizi hupata mahali zilipo kutoka kwa setilaiti. Kisha hutangaza zenyewe kwa redio: jina, mahali na kimo. Ndege yenye kioo hicho hupokea habari hizo, na rubani huwaona jirani zake. Hupima umbali, halafu humwomba mwongoza ndege ruhusa ya kupanda. Mwaka 2011 ndege za shirika la United la Marekani zilianza kuijaribu njia hii juu ya Bahari ya Pasifiki. Wakati wa kupita kimo cha mwenzake, umbali unaweza kupungua hadi kilomita 28, mradi ndege hizo hazisogeleani kwa kasi.

Hizo ni chini ya dakika mbili. Mimi nami nilishtuka. Lakini ni wakati wa kupita tu. Kule juu anakofika, nafasi ni ile ya kawaida. Tena mwongoza ndege akikataa, rubani hapandi.

Yule mkulima akauliza: "Na kioo kikizimika?"

Nikamjibu: "Basi haombi kupita. Anabaki chini, na mafuta yanakwenda."